Asiyekuwepo na Lake Halipo: Kiti cha Banissa na Deni Tunalodai



Alhamisi hii, tarehe 27 Novemba 2025, ndugu zetu wa Banissa, kaunti ya Mandera, wataamkia kwenye vituo vya kura kumchagua mbunge. Mbunge wao, marehemu Kulow Maalim Hassan, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki Machi 2023. Chukua vidole uhesabu. Machi 2023 mpaka Novemba 2025. Ni miaka miwili na miezi minane. Mtoto aliyezaliwa Banissa wiki ile ya maziko leo anatembea, anakimbia, anaongea, na hajawahi kuwa na mbunge tangu azaliwe.

Sasa tuulizane bila kuoneana haya. Wewe unayesoma hapa, uko Majengo, uko Likoni, uko Eastleigh, uko Malindi, uko Isiolo, ulijua? Na kama ulijua, ulisema nini? Sisi wenyewe wa ukurasa huu tunajiuliza swali hilo hilo, na jibu letu halitupendezi.

Tuanze na sheria, maana wako watakaosema haya ni maneno ya kuchochea watu. Fungua Katiba ya Kenya, Kifungu cha 101. Kiti cha mbunge kikiwa wazi, Spika ana siku 21 za kuiandikia tume ya uchaguzi. Na uchaguzi mdogo ufanywe ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Hakuna mahali pameandikwa "serikali ikipata nafasi" wala "wanasiasa wakishakubaliana". Siku 90. Banissa wamekaa zaidi ya siku 900. Mara kumi!

Jaribu wewe kuchelewa hivyo. Chelewesha kodi ya nyumba mara kumi ya muda wako uone kama utakuta mlango wako bado una kufuli lako. Chelewesha kulipa mkopo wa simu siku 90 tu, jina lako linapelekwa kwa wadaiwa sugu, hata kazi unakosa. Lakini nchi nzima ikikosa kutimiza Katiba kwa watu wa Banissa, hakuna aliyefutwa kazi, hakuna aliyeshtakiwa, hakuna hata aliyesimama kusema samahani.

Watakujibu: tume haikuwa na makamishna. Ni kweli. Mwenyekiti Chebukati na wenzake wawili waliobaki walimaliza muda wao Januari 2023. Wale wanne wengine walikuwa washatoka au wamesimamishwa baada ya mvutano wa uchaguzi wa 2022. Tume ikabaki na ofisi, magari, makarani na walinzi wa langoni, lakini haina mtu hata mmoja wa kutia sahihi tarehe ya uchaguzi. Makamishna wapya wakiongozwa na Erastus Edung Ethekon hawakuapishwa mpaka Julai 2025.

Haya. Lakini hiyo ndiyo sababu, au ndiyo kosa lenyewe? Kamishna anapewa miaka sita, kipindi kimoja tu. Chebukati aliapishwa Januari 2017. Tangu siku ile, mtu yeyote anayejua kujumlisha sita alijua kwamba Januari 2023 muda umekwisha. Halikuwa tetemeko la ardhi hilo. Ilikuwa tarehe kwenye kalenda, miaka sita ukutani, na waliokuwa na kazi ya kuitazama hawakuitazama.

Na baada ya hapo ndio tukaona sinema. Jopo la kwanza la kuteua makamishna likaundwa 2023. Likasimama kwa sababu serikali na upinzani wamekaa Bomas kuzungumza. Mazungumzo yakaisha, ripoti ikatoka. Ripoti ikahitaji sheria, sheria ikatiwa sahihi Julai 2024. Jopo jipya likaapishwa Januari 2025. Kisha kesi kortini. Kila upande ukavuta kamba yake. Serikali ina lake, Azimio ina lake, na wote wawili wana wabunge wao bungeni, wanalipwa mishahara yao, wanapanda magari yao. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi ilikuwa Banissa.

Hatusemi haya kumtetea yeyote kati yao. Pande zote mbili zililala. Pande zote mbili zinaijua njia ya Mandera wakati wa kutafuta kura za urais.

Basi sasa tuangalie ni nini kilipita bungeni wakati kile kiti kiko wazi. Asiyekuwepo na lake halipo, wazee walisema, na hapa inaonekana wazi.

Juni 2023 Sheria ya Fedha ilipitishwa, VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mandera iko mbali sana na bandari. Kila mfuko wa unga, kila mtungi wa gesi, kila dawa, inafika kwa lori linalokunywa mafuta mamia ya kilomita. Nani aliyesimama bungeni kusema kwamba shilingi moja ikipanda Nairobi, Banissa inapanda zaidi? Hakuna, kwa sababu hakukuwa na mtu.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipiga kaskazini mashariki, baada ya ukame uliomaliza mifugo. Mandera ikafurika, barabara zikakatika. Mbunge angeuliza msaada unafika wapi. Hakukuwa na mtu.

Sheria ya bima mpya ya afya ikaja, asilimia 2.75 ya mshahara, na mfugaji asiye na mshahara akaambiwa naye apimwe uwezo wake alipe. Ngamia anapimwaje? Hakukuwa na mtu wa Banissa wa kuuliza. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yakapita. Hakukuwa na mtu. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ukapigiwa kura, 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la, na vijana wenzetu wakapigwa risasi barabarani siku ile ile. Oktoba 2024 wabunge wakapiga kura 281 dhidi ya 44 kumuondoa naibu wa rais. Ukiipenda kura hiyo au ukiichukia, si hoja ya leo. Hoja ni kwamba Banissa haimo kwenye ndiyo, haimo kwenye la.

Kuna kijana atajibu: kura moja haingebadilisha 195 kwa 106. Sawa kabisa, haingebadilisha. Lakini kumbuka kile mlichofanya nyinyi wenyewe Juni ile. Mliandika majina ya wabunge na namna walivyopiga kura, mkayasambaza, kila mtu akamtafuta mbunge wake. Mkawapigia simu, mkawatumia ujumbe mpaka simu zao zikazima. Ile ndiyo nguvu ya mwananchi. Ni kuwa na mtu unayemjua kwa jina, anayekuogopa kidogo, ambaye kesho atarudi kwako kuomba kura. Kijana wa Banissa alikuwa na simu pia, alikuwa na hasira pia. Alikuwa ampigie nani?

Na basari je? Pesa za NG-CDF zina kamati yake na meneja wake kwa mujibu wa sheria. Lakini nyote mnajua vile mambo yanavyokwenda. Mama akinyimwa basari ya mtoto, huenda kwa ofisi ya mbunge akalalamika. Akisikizwa, vizuri. Asiposikizwa, anangoja 2027 amuondoe. Pale Banissa mama huyo alilalamika kwa kiti kitupu.

Vijana wetu, hapa ndipo inapouma zaidi, na tutaisema wazi.

Kaskazini haikuanza kusahauliwa juzi. Kwa karibu miaka thelathini baada ya uhuru sehemu ile iliishi chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Wagalla ilikuwa 1984, chini ya sheria hizo. Kwa miaka mingi Muislamu wa kaskazini akitaka kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati, aeleze babu yake alizaliwa wapi na kisima chao ni kipi, wakati mwenzake wa kaunti nyingine anajaza fomu tu anaondoka. Utaratibu huo Rais alitangaza kuuondoa Februari 2025. Tunalipokea hilo kwa mkono wa kulia. Lakini haki haitolewi kama zawadi ya Idd, na tangazo la jukwaani si kitambulisho mfukoni.

Sasa jumlisha. Kwanza mtu ananyimwa kitambulisho kwa miaka. Akikipata, hakuna makamishna, hakuna uchaguzi. Uchaguzi ukija, yeye hayumo kwenye orodha, kwa sababu tume ilipoanza tena kuandikisha wapiga kura tarehe 29 Septemba 2025, maeneo yenye uchaguzi mdogo yaliachwa nje kwa muda. Kwa hiyo yuko kijana wa Derkhale au Malkamari aliyetimiza miaka 18 baada ya uchaguzi wa 2022, ana kitambulisho mkononi, na Alhamisi atasimama kando ya foleni akiwatazama wengine wakipiga kura. Huyo amefungiwa milango mitatu, na kila mlango ulikuwa na mlinzi anayelipwa kwa kodi yake.

Halafu tazama vyombo vya habari wiki hii. Siku hiyo hiyo ya 27 kuna uchaguzi mdogo wa ubunge katika maeneo sita: Banissa, Magarini, Malava, Mbeere North, Kasipul na Ugunja, na kiti cha seneta wa Baringo. Kati ya maeneo sita, Banissa ndiyo iliyongoja kuliko zote. Lakini fungua televisheni: ni Malava na Mbeere North, Mbeere North na Malava. Vigogo wamepiga kambi huko kwa sababu kila mmoja anapima misuli ya 2027. Sisemi watu wa Mbeere na Malava wasitazamwe. Nasema anayengoja zaidi ndiye aliyetakiwa kuangaliwa kwanza.

Lakini mzigo wote tusiutupe Nairobi. Tuje nyumbani.

Maneno haya sasa ni kwa ndugu zetu watakaopiga kura, Banissa, na pia Magarini hapa Pwani, ambako mahakama ilifuta uchaguzi wa 2022 na watu wanarudi debeni siku hiyo hiyo.

La kwanza, hongo. Tunajua wiki hii pesa inatembea. Mia tano hapa, elfu moja pale, mfuko wa mchele, leso, mafuta ya pikipiki. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkamata anayetoa na anayepokea: faini hadi shilingi milioni mbili au kifungo hadi miaka sita, au vyote viwili. Lakini wacha sheria ya serikali kando kidogo. Wewe ni Muislamu. Umefundishwa madrasa tangu ukiwa na meno ya utoto kwamba Mtume wetu (SAW) amemlaani mtoa rishwa na mpokeaji wake. Hakuna hadithi inayosema rishwa inakuwa halali mwezi wa kampeni. Na hata kwa hesabu ya duka tu: ukipokea elfu moja kwa miezi ishirini iliyobaki mpaka Agosti 2027, umejiuza kwa shilingi hamsini kwa mwezi. Haifiki shilingi mbili kwa siku. Ukimuuliza mbunge barabara, atakwambia nilishakulipa. Na atakuwa amesema kweli.

La pili, wazee. Sisi si watu wa kuwavunjia heshima wazee wetu, la hasha. Mashauriano ni katika dini yetu, na huko kaskazini baraza la wazee limezima damu nyingi ambayo bunduki za serikali hazikuweza kuizima. Ukoo huu ukipata kiti hiki, ule upate kile, watu walale salama: hilo lina maana yake na asiyeishi huko asilicheke. Lakini mashauriano ni ya watu wote. Kikao ambacho hakina kijana hata mmoja wala mama hata mmoja kikitoa jina, hilo ni pendekezo. Kura bado ni yako. Mwaka 2017 wazee wa Garre waliamua waliokuwa madarakani wapishe wengine. Gavana Ali Roba alikataa, akasimama, na wananchi wakamrudisha. Anga haikuanguka. Wazee walibaki wazee, kura zikabaki kura. Msikilize babako mpaka mwisho, mshike mkono, kisha ingia kwenye kile kibanda peke yako na Mola wako.

La tatu, wale wanaosema "siasa ni uchafu, mimi sishiriki". Ndugu yangu, ukikaa nje, kiti hakikai wazi kwa ajili ya uchamungu wako. Atakaa mwingine. Msambweni, Kwale, Desemba 2020, baada ya kifo cha Suleiman Dori, kiti kilikaa miezi tisa. Siku ya kura ilipofika, baada ya mikutano yote ile na helikopta zote zile, hata nusu ya waliojiandikisha hawakujitokeza. Tulikuwa tunanung'unika vijiweni kwamba Pwani inaamuliwa na watu wa bara, na siku ya kuamua wenyewe tuko vijiweni vile vile. Kura ni amana. Amana hurudishwa kwa anayestahiki, na usipoipeleka popote utaulizwa uliiweka wapi.

La nne, "ni miezi ishirini tu, atafanya nini?" Ndiyo maana usimuombe dunia. Anayekuahidi chuo kikuu, uwanja wa ndege na lami mpaka kila boma kwa miezi ishirini, huyo anakutania. Muulize mambo manne anayoweza na ambayo utaweza kuyapima. Je, atabandika hadharani orodha ya waliopata basari na kiasi walichopata? Je, atakuwa na ofisi iliyo wazi Banissa na si Nairobi peke yake? Je, atasimama bungeni kuhusu vitambulisho na usalama wa mpaka kwa maneno yanayobaki kwenye kumbukumbu za Bunge? Je, kila kura anayopiga kuhusu kodi atarudi kueleza? Ampate wa kumjibu ndiyo kwa mambo hayo, na simu zenu zimrekodi.

La tano, amani. Hakuna kiti chenye thamani ya roho ya mtu mmoja. Kijana anayepewa miraa na rungu na kuambiwa "linda kura" amekodiwa kumpiga binamu yake. Kura hulindwa kwa macho na kalamu. Kituo kikishahesabu, matokeo huandikwa kwenye fomu 35A na nakala hubandikwa pale mlangoni. Ipige picha. Ihifadhi. Jumla ya eneo bunge ikitangazwa, linganisha. Kijana mmoja kila kituo akiwa na simu yenye chaji, hiyo ni silaha tosha.

Sasa tuseme tunachodai, na tunakidai leo kabla ya jina la mshindi kujulikana, ili asije mtu akasema tunadai kwa sababu mtu wetu ameshindwa. Sisi hatuna mwaniaji.

Tunadai Bunge na serikali wawaombe radhi watu wa Banissa kwa maandishi, na waeleze ni nani alitakiwa kufanya nini na lini, na kwa nini hakufanya.

Tunadai mara tu uchaguzi huu ukiisha, tume ipeleke mashine za kuandikisha wapiga kura katika kila wadi ya Banissa: Banissa yenyewe, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri. Waliofungiwa nje Alhamisi hii wawe wa kwanza kuandikwa kwa ajili ya Agosti 2027.

Na tunadai hili, ambalo ndilo kubwa: tarehe iwekwe kwenye sheria sasa hivi. Makamishna hawa waliapishwa Julai 2025. Jumlisha sita. Muda wao utaisha Julai 2031, na uchaguzi mkuu wa baadaye ni Agosti 2032. Mmeona? Tukilala, nchi nzima itaingia mwaka wa uchaguzi bila tume, na safari hiyo haitakuwa Banissa peke yake. Jopo la kuwateua warithi wao liwe limeshamaliza kazi kabla hawa hawajaondoka. Asiyelitaka hilo atwambie anataka nini.

Wewe ufanye nini? Kama uko Banissa au Magarini na una kadi, nenda upige kura, ubebe maji, ubebe subira. Kama una jamaa huko, mpigie usiku huu umkumbushe. Kama uko Mombasa, Lamu, Garissa au Nairobi na hujajiandikisha, wewe hukufungiwa mlango wowote. Uandikishaji uko wazi kwenu, nenda wiki hii. Kumlilia wa Banissa aliyenyimwa kura ilhali wewe yako umeiacha ofisini haichukuliwi, ni machozi ya mamba.

Na Ijumaa, siku moja baada ya kura, tukiswali tuwakumbuke. Tumuombe Allah awape mtu mkweli, amzibe mdomo muongo, na ahifadhi damu zao. Kisha tukitoka msikitini tuendelee kuuliza, kwa sauti, kila wiki, mpaka lile deni lilipwe.

Mnyonge hana haki, husema watu. Sisi tunasema mnyonge ana haki yake, ila ataichukua akiwa amesimama.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum.